Mhandisi Aliyeifundisha Redio Kunyamaza

Habari ya kifo chake ilinikuta Musienene, siku ya soko, nikichagua viazi. Muuguzi mmoja wa kituo cha afya cha huko, mama mtu mzima ambaye husoma safu hii na kunikosoa kila tunapokutana, alikuja akaniwekea mkono begani. "Papa, unasikiya? Ule ingénieur wa foni anatutoka. Beni banatutumia habari asubui hii." Nilimuuliza kama ni watu wa silaha, kwa maana siku hizi hilo ndilo swali letu la kwanza mtu akifa. Akatikisa kichwa. "Hapana, Papa. Ni figo. Anakufa mu kitanda yake, bibi yake iko pembeni." Tulisimama pale kati ya magunia, watu wakitupita. Katika nchi yetu kufa kitandani, mkono wako ukiwa ndani ya mkono wa mtu wako, kumekuwa jambo la kushukuriwa. Hata hivyo figo zake zingeweza kusaidiwa. Mashine za kusafisha damu ziko mbali, na njia za kwenda huko zinafungwa na kufunguliwa na watu ambao hawaumwi figo.

Sikuwa rafiki yake wa karibu, na sitaki kujipachika cheo hicho sasa ambapo hawezi kukikanusha. Tulifahamiana tu. Alikuwa mwalimu wa umeme katika chuo kimoja hapa Butembo, mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kuvua miwani anapotaka kusema jambo zito. Nje ya darasa alikuwa mpenzi wa redio, wa wale wanaofunga waya mrefu juu ya mikaratusi na kuongea na watu wasiowajua wa nchi za mbali, si kwa biashara wala siasa, bali kwa furaha ya kusikika tu. Nyumba yake ilikuwa Bulengera, na waya zake zilijulikana mtaani kuliko jina lake. Wanajeshi walimsumbua kwa ajili ya waya hizo mara nyingi, naye kila mara aliwakaribisha ndani, akawaonyesha kibali chake na kuwapa chai, mpaka wakachoka.

Wasomaji wa mjini huenda wameisahau foni, ile redio ya masafa marefu ambayo misheni na vituo vya afya vilikuwa vikiitumia kabla ya simu za mkononi. Lakini vituo vilivyo ndani, kule kwenye mashamba ya kakao upande wa magharibi wa Mangina, havijaisahau. Mnara wa simu ukikosa mafuta, au watu wa silaha wakiuharibu, foni ndiyo inayobaki. Ubaya wake ni kwamba foni ya sauti haina siri. Muuguzi akipiga kelele hewani kwamba fulani ana ugonjwa fulani, bonde zima linajua, na akisema gari litapita njia fulani, hata wasiotakiwa kujua wanajua. Mhandisi wetu ndiye aliyezishawishi ofisi za afya za makanisa, za Wakatoliki na za Waprotestanti pia, ziunganishe kila foni na kompyuta ndogo. Muuguzi anaandika ujumbe, kompyuta inaugeuza kuwa milio, milio inasafiri hewani, na kompyuta ya upande wa pili inaigeuza tena kuwa maandishi. Haikuwa siri kamili, na yeye alilisema hilo wazi, lakini mtu wa kawaida mwenye redio alisikia mluzi tu.

Nilimtembelea kwake mara ya kwanza ili niandike juu ya kazi hiyo. Aliwasha kompyuta, na kabla mtu yeyote hajatuma chochote, skrini ilianza kujaa herufi zisizo na maana, mstari baada ya mstari. Mke wake, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, alicheka. "Unaona, Papa? Iyi machine yake iko nasema kama mulevi. Kutoka asubui haipumzike." Mhandisi akanieleza kwamba hewa haiko kimya hata siku moja. Kuna radi za mbali, kuna jenereta za majirani, na kompyuta, kwa kuwa imeamriwa kusoma, inajaribu kuyasoma makelele hayo yote kama maneno. Dawa yake inaitwa skwelchi, yaani kizuizi: unaiambia kompyuta kwamba sauti isiyofika kiwango hiki isiandikwe. Ukikiweka chini mno, takataka zinajaa. Ukikiweka juu mno, ujumbe wa mtu aliye mbali, mwenye betri dhaifu, unatupwa pamoja na takataka. Na kiwango kinachofaa asubuhi hakifai mchana mvua inapokusanyika.

"Donc mutu anapaswa kukaa hapa na kukigeuza siku yote?" nilimuuliza.

"Njo shida," alijibu. "Infirmier, ule muuguzi, iko na bagonjwa. Anaona takataka, anakasirika, anapandisha skwelchi mpaka yulu kabisa, anaenda kazi yake. Kisha anasema foni hapana kazi."

Ndiyo maana alikuwa ameanza kuandika nyongeza yake mwenyewe ndani ya ile programu, ambayo ni ya bure na inaruhusu mtu yeyote kuitengeneza. Nyongeza hiyo ilikuwa inapima makelele ya hewani muda wote na kukipandisha au kukishusha kizuizi yenyewe, bila mkono wa mtu. Alipoimaliza na kuisambaza vituoni, kazi ilibadilika. Skrini zikawa nyeupe, tulivu, na neno lililotokea juu yake lilikuwa neno kweli. Muuguzi wa Beni aliyekuwa akisimamia foni ya kati aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza aliweza kuhudumia wagonjwa bila kugeuka nyuma kila wakati. Wakati wa mvua kubwa, ambapo zamani kila kitu kilipotea, maombi ya damu na chanjo yalipita. Niliandika hayo hapa, kwa sifa nyingi. Mhandisi alinitumia ujumbe mfupi wa shukrani, akaongeza kwamba bado anaijaribu.

Kisha ikaja siku ambayo nataka kuieleza bila kuipamba. Katika kituo kimoja kidogo ng'ambo ya Mangina, mama mmoja alijifungua mtoto salama, halafu damu ikakataa kusimama. Muuguzi wa pale alikuwa peke yake. Paneli ya sola ya kituo ilikuwa imeibiwa juma lililotangulia, kwa hiyo foni ilikuwa ikiishi kwa betri iliyochoka, na sauti yake ilitoka nyembamba sana. Aliandika: mama anatoka damu, leta gari. Hakupata jibu. Akaweka kompyuta irudie ujumbe ule ule, bila kuacha, ili mikono yake iwe huru kumhudumia mgonjwa. Alikuwa akirudi mbio kutazama skrini na kukimbilia tena kitandani. Huko Beni skrini ilikuwa safi. Muuguzi wa Beni alimwambia mwenzake kwamba leo Mungu ameturehemu, vituo vyote vimetulia. Mama yule alikufa kabla ya jua kuzama. Mtoto alipona.

Kesho yake habari ilifika kwa pikipiki, na pamoja nayo ghadhabu. Familia ya marehemu ilisema muuguzi hakuita. Kama angeita, Beni wangesikia, maana mashine mpya zinasikia kila kitu. Si hata gazeti lilisema hivyo? Wengine walisema alikuwa amelala, wengine walisema alikuwa amelewa. Kaka mkubwa wa mume wa marehemu alitangaza mbele ya watu kwamba nyumba ya muuguzi itachomwa moto. Katika eneo letu, tangu ule ugonjwa mkubwa wa kuambukiza ulioanzia Mangina na chuki zilizofuatana nao, maneno ya namna hiyo juu ya watu wa afya hayachukuliwi kama hasira ya matangani tu. Muuguzi alimtoa mke wake na watoto, akawapeleka kwa wakwe. Mwenyewe alibaki, kwa sababu alikuwa na wagonjwa, lakini hakuna mtu aliyemsalimia njiani.

Ofisini waliamua kwamba ni betri. Ilikuwa kweli kwa kiasi fulani, na ni ukweli ambao ungewatosha watu wengi. Mhandisi haukumtosha. Alimwomba muuguzi yule aunge betri ile ile, atume maneno yoyote, ayarudie bila kusimama, naye akaenda kuketi mbele ya foni ya Beni. Alinisimulia baadaye alichokiona. Mwanzoni herufi chache zilitokea, dhaifu, zilizokatika. Halafu programu yake, ikiipima ile sauti nyembamba isiyobadilika, ikaihesabu kuwa sehemu ya makelele ya siku ile, ikapandisha kizuizi juu yake. Skrini ikawa nyeupe. Alikizima kizuizi kwa mkono, na katikati ya takataka maneno ya muuguzi yakarudi, tena na tena. Akakiwasha, yakapotea. "Ilikuwa nasikiya," aliniambia, miwani mkononi. "Ilisikiya muzuri. Lakini juu ya vile ule mutu alikuwa nalia bila kupumzika, ikafikiri kilio yake ni hewa."

Alinijia nyumbani asubuhi moja kunieleza hayo, na nilidhani anataka niandike. Sivyo. Alitaka nimsindikize kwa familia ya marehemu, kwa kuwa watu wa mama yangu wanatoka upande ule na kwa desturi yetu ya Kinande mtu hapeleki neno zito matangani akiwa peke yake. Nilimuuliza kama ameomba ruhusa ofisini. Alisema wakubwa wamemshauri aache. Walimwambia hakuna anayemlaumu, kwamba vita ndivyo vilaumiwe, na mwizi wa paneli. Kwamba akijitokeza atawapa watu sababu ya kukataa foni zote. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakilinda kazi iliyookoa wengi. "Na ule infirmier," aliniuliza, "nani atamulinda?" Nilichukua koti langu.

Tulikuta wanaume wamekaa chini ya turubai, na wanawake wakipika sombe, majani ya mihogo, nyuma ya nyumba. Mjane, yaani mume wa marehemu, alikuwa kijana kuliko nilivyofikiri, mkulima wa kakao, vidole vyake vimekolea weusi wa utomvu. Kaka yake mkubwa alikaa karibu naye kama mlinzi. Nilisema maneno ya kutambulisha, kwa Kinande, kisha mhandisi akasimama. Hakutoa hotuba. Alisema yeye ndiye aliyetengeneza kitu kinachoamua ni sauti gani iandikwe na ipi isiandikwe, na kwamba siku ile kiliamua vibaya.

Kaka mkubwa alimkatiza. "Unasema nini? Machine haikusikiya?"

"Ilisikiya, Papa. Ilikataa kuandika."

"Basi aliita?"

"Aliita. Kutoka asubui, hapana kuacha. Mimi mwenyewe nimehakikisha. Infirmier wenu hapana kosa. Kosa iko ya kwangu."

Niliwatazama wanaume wale na niliogopa, sioni haya kulikiri. Kaka mkubwa alikuwa amenyanyuka nusu kutoka kwenye kiti. Mjane akamshika mkono, akamkalisha. Halafu akamuuliza mhandisi kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza jambo la wawili tu: "Alikuwa anaandika nini?"

Mhandisi alimwambia maneno yenyewe. Mama anatoka damu, leta gari.

"Ile tu?"

"Ile tu. Kila mara ile tu."

Mjane aliinamisha kichwa. Wengine wamezoea kusimulia kwamba alimsamehe mhandisi pale pale. Nilikuwepo, na hakumsamehe. Hakusema neno lolote la msamaha, na mhandisi hakuliomba. Alichofanya mjane ni kusimama, akatoka chini ya turubai, akashika njia ya kwenda kwenye nyumba ya muuguzi, na sisi sote tukamfuata kwa mbali. Muuguzi alipomwona anakuja na kundi la wanaume nyuma yake, alisimama mlangoni, mikono imelegea, kama mtu aliyekwisha kukubali. Mjane akamwambia, "Kumbe uliita." Muuguzi akajibu, "Niliita, ndugu yangu." Walikaa kwenye kizingiti cha mlango, mabega yakigusana, na muuguzi ndiye aliyeanza kulia. Baada ya muda kaka mkubwa alikuja akasimama mbele yao. Akamwambia tu muuguzi amrudishe mke wake na watoto nyumbani. Mtoto mchanga, niliambiwa, alikuwa kwa nyanya yake na alikuwa akinyonya vizuri maziwa ya shangazi.

Njiani kurudi, tulipoanza kuona nyumba za Beni, mhandisi alivua miwani. Kisha akaniambia ataitengeneza upya programu ile. Nilifikiri ataiondoa kabisa, nikamwambia hivyo. Alikataa. Alisema akiiondoa, wauguzi watarudi kupandisha kizuizi kwa mkono na kukisahau, na watu wengine watakufa ambao hatutawajua hata idadi yao. Alichofanya ni kuinyima programu neno la mwisho. Sasa, kila inapotaka kuizima sauti nyembamba inayoendelea bila kukatika, inapiga kengele na kumwita mtu aje atazame mwenyewe, na maandishi yale hayafutwi, yanabaki pembeni kwa rangi hafifu. Pia aliweka desturi ambayo haina uhusiano wowote na kompyuta: kituo kilichonyamaza tangu asubuhi lazima kiitwe kwa sauti ya mtu, kabla ya saa ya kula. Wauguzi walinung'unika. Nilikuwepo Beni alipowaeleza, na mmoja alimwambia, "Ingénieur, uko natuongezea kazi. Ulituletea iyi machine juu tupumzike." Alijibu bila hasira, "Ni kweli, Mama. Lakini kuita mutu mwenye ananyamaza, ile hapana kazi ya machine."

Tangu siku ile nimeitafakari sana hesabu iliyokosewa na programu yake, kwa sababu siyo ya programu peke yake. Mashine ilitengenezwa isumbuliwe na sauti zinazobadilika na izoee zile zisizobadilika. Sisi pia tumeumbwa karibu hivyo. Kilio cha kwanza cha mauaji kutoka kijiji kimoja cha Beni kilitusimamisha wote. Watu walifunga maduka Butembo, wakaandamana. Kilio kilipoendelea, mwaka ukafuata mwaka, tulianza kusema "huko ni kawaida yao." Walio mbali zaidi yetu, katika miji mikuu na katika ofisi zenye bendera, walizoea mapema kuliko sisi. Hakuna aliyekaa akaamua kutotusikia. Kiwango kilipanda chenyewe, kidogo kidogo, na skrini zao ni nyeupe, na kwa dhamiri safi kabisa wanaandika kwamba hali ni tulivu. Wazee wa Kiswahili walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wangeishi nasi wangeongeza kwamba mara nyingi mshindo huo ulikwisha kupigwa zamani, ila ulipigwa taratibu na mtu asiyekuwa na nguvu ya kuupiga kwa kishindo.

Lakini sipendi kuwatupia walio mbali mzigo wote, kwa sababu mhandisi hakuwatupia. Angeweza. Alikuwa na mwizi wa paneli wa kumlaumu, na vita, na betri, na kila mmoja wao alistahili sehemu yake. Alichukua sehemu iliyokuwa yake, akaibeba mpaka kwenye mlango wa watu iliyowaumiza, na kwa kufanya hivyo akamtoa mtu asiye na hatia kwenye moto. Nimeona viongozi wengi wakija matangani kwetu na mashada na magari. Nimemwona mmoja tu aliyekuja kusema, kosa iko ya kwangu. Na nimeona pia kwamba ukweli ule haukuiua kazi yake kama wakubwa walivyoogopa. Vituo vyote vilibaki na foni. Watu walianza kuziamini kidogo zaidi, kwa kuwa walijua sasa zinaweza kukosea, na walijua ni nani angekuja kuwaambia.

Tulimzika Bulengera, udongo ukiwa umelowa. Wauguzi walitoka Beni kwa zamu, wengine wakabaki kuitazama foni. Hakukuwa na hotuba ndefu; mchungaji alisoma, padri aliomba, na mjane wake aliwashukuru watu kwa neno moja la Kinande, wasingya, akaketi.

Mimi sina ufundi wowote wa redio, na wengi wenu hamna. Lakini kila mmoja wetu ana mtu ambaye sauti yake ni nyembamba: mama aliye kijijini ambaye husema neno lile lile kila anapopiga simu, jirani mgonjwa, ndugu aliyehama kwa sababu ya vita na ambaye malalamiko yake tumeyazoea. Mtu wa namna hiyo hana maneno mapya ya kutushtua. Anarudia aliyonayo mpaka nguvu inamwishia, na siku anaponyamaza sisi tunapumua na kusema afadhali, ametulia. Tusiseme hivyo kabla hatujafika kwake. Avae viatu aliyezoea kukaa, aende, agonge mlango, aulize kwa sauti yake mwenyewe, "Uko?" na asiondoke mpaka ajibiwe.